Zilizala Ndogo na Ushahidi wa Walioketi Nyumbani



Usiku wa Jumatano, Agosti 12, 2020, katika siku za mwisho za Mfunguo Tatu mwaka 1441, watu wa mwambao walikuwa wamekwisha kusali Isha. Ilipotimu saa mbili na dakika 13 ardhi ikatikisika. Dar es Salaam watu waliteremka mbio kutoka magorofani. Visiwani ilihisiwa, na hapa Mombasa, ingawa kitovu chake kilikuwa baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwetu, wako walioona taa za kuning'inia zikiyumba, na wako majirani zao wa ukuta kwa ukuta ambao hawakuhisi lolote mpaka walipoambiwa. Hata Nairobi ilifika. Vyombo vya kupimia vilitoa kipimo cha karibu 6. Alhamdulillahi, haikuleta maafa.

Zilizala ya namna hii, katika nchi ambayo ardhi yake aghlabu imetulia, huacha nyuma yake mambo mawili. Huacha maswali ambayo wataalamu hukaa kuyachunguza kwa miezi, na huacha sauti katika simu zetu. Sauti ya kwanza husema kwamba zilizala nyingine kubwa zaidi itapiga saa fulani ya usiku, basi watu watoke nje na watoto wao. Sauti ya pili humtaja mwenye kosa. Aghlabu mwenye kosa huyo ni mwanamke: ama mavazi yake, ama kazi yake, ama ndoa aliyoikataa.

Nimewahi kujiwa na mama mmoja akiwa na binti yake wa miaka 15. Majirani walikuwa wamemsikilizisha yule mtoto mojawapo ya sauti hizo, kisha wakamwambia waziwazi kwamba ardhi ilitikisika kwa sababu ya watu mfano wake. Binti alikuwa halali usiku. Mama yake aliniuliza swali fupi: "Sheikh, yajuaje mtu kwamba ni kweli?"

Makala haya ni jawabu lake, nami nimeona nianze na upande wa wachunguzi, kwa sababu wao nao huuliza swali lilo hilo.

Mwamba wa ardhi unapovunjika au kuteleza katika ufa wake, hutoa mawimbi ya aina mbili yanayosafiri ndani ya ardhi. La kwanza ni jepesi, hukata karibu kilomita 6 kwa sekunde katika mwamba mgumu, nalo husukuma na kuvuta kama pumzi. La pili hufuata nyuma kwa mwendo wa karibu kilomita 3 na nusu kwa sekunde, na hilo ndilo linaloyumbisha nyumba. Waliohisi pigo dogo la ghafula, kisha kimya kifupi, kisha mwyumbo, basi wameyahisi yote mawili bila kujua majina yake. Kadiri mtu alivyo mbali na kitovu, ndivyo nafasi baina ya wimbi la kwanza na la pili inavyorefuka. Kwa masafa ya karibu wataalamu wana hesabu nyepesi: hesabu sekunde zilizo baina ya mawimbi hayo, uzidishe kwa 8, utapata umbali kwa kilomita. Sekunde 10 ni kama kilomita 80.

Lakini umbali hausemi upande. Chombo kimoja kitakwambia zilizala iko kilomita 80 kutoka kilipo, wala hakitakwambia ni kaskazini au kusini. Hapo mchunguzi huchukua ramani na bikari, kama ile iliyomo katika kikopo cha hesabu cha mwanafunzi, akachora duara kukizunguka chombo cha kwanza, duara jingine kukizunguka cha pili, na jingine kukizunguka cha tatu. Pale maduara matatu yanapokutana ndipo penye kitovu. Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo, lakini msingi wake ni uleule. Nimewachorea watoto wa madrasa kwa kikombe na bangili, wakaelewa kabla ya chai kupoa.

Mwenye akili ataona udhaifu uliopo hapo. Maduara matatu yanahitaji vyombo vitatu, na vyombo hivyo viwe vimelizunguka tukio pande zote. Nchini kwetu kipo kituo maarufu cha Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambacho kimeunganishwa na mtandao wa dunia. Kituo hicho kimo pia katika mpango wa kimataifa wa kusikiliza majaribio ya mabomu ya nyuklia, maana bomu likilipuliwa chini ya ardhi mahali popote duniani, mtetemo wake hufika. Ni masikio makali. Lakini kutoka Kilima Mbogo mpaka kile kitovu cha Agosti 2020 ni zaidi ya kilomita 700, na upande wa mashariki yake ni bahari tupu isiyo na chombo. Kwa zilizala yenye kipimo cha 6 hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa vituo vya dunia nzima huinasa. Kwa ile ndogo, ya 3 au 4, mambo hubadilika. Kila namba moja ya kipimo ni sawa na nguvu mara 32 hivi, kwa hivyo ile ya 4 ina nguvu kama sehemu moja tu katika 1,000 ya ile ya 6. Vituo vya mbali huisikia kwa shida au havisikii kabisa.

Tena mchunguzi hujiuliza kwanza kama ni zilizala kweli. Mwambao wetu una machimbo ya mawe ambako baruti hupigwa, una malori mazito, una reli. Mlipuko wa baruti husukuma nje pande zote kwa pamoja, kwa hivyo kila chombo kinachouzunguka huonyesha kwamba ardhi ilianza kwa kupanda juu. Ufa wa ardhi hauko hivyo. Upande mmoja husukuma na mwingine huvuta, basi vyombo vingine huonyesha kupanda na vingine kushuka. Tena baruti hupigwa mchana, saa za kazi. Mtikisiko wa saa tisa za usiku hauna budi kutafutiwa sababu nyingine.

Sasa tufike pale ambapo vyombo vinakwisha na watu wanaanza. Padri mmoja wa Kiitaliano, Giuseppe Mercalli, mtu wa dini aliyeshughulika na volkano, alitengeneza kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote. Kipimo hicho, ambacho baadaye kiliongezwa na kurekebishwa na wengine, kina daraja 12, na kila daraja hujulikana kwa yale ambayo watu wameyaona na kuyahisi. Daraja ya pili huhisiwa na wachache tu waliotulia, hasa walio gorofa za juu. Ya tatu huhisiwa ndani ya nyumba kama lori linalopita. Ya nne ndiyo vikombe hugongana kabatini, milango na madirisha hulialia, na vitu vilivyoning'inia huyumba. Ya tano huwaamsha waliolala na kuangusha vitu visivyokaa imara. Ya sita husogeza samani nzito na kubandua vipande vya lipu.

Tazameni orodha hiyo, dada zangu. Vikombe, kabati, taa, pazia, maji ndani ya ndoo, mtoto aliyeamka. Aliyekuwa barabarani akiendesha gari hakujua kitu. Aliyekuwa sokoni akipiga kelele za bei hakujua kitu. Shahidi wa zilizala ndogo ni yule aliyeketi, na mara nyingi aliyeketi nyumbani ni mama anayenyonyesha, bibi juu ya kitanda chake, msichana anayesoma. Mtaalamu akitaka kuchora ramani ya wapi mtikisiko ulikuwa mkali na wapi ulikuwa hafifu, kwao ndiko anakokwenda. Na ramani hiyo ndiyo inayomwonyesha kwamba mtaa uliojengwa juu ya mchanga au udongo wa kujazia umeyumba zaidi ya mtaa uliosimama juu ya mwamba wa matumbawe, ijapokuwa mitaa yote miwili iko mbali sawasawa na kitovu.

Kanuni hiyo nilipoisoma nilikumbuka riwaya ninayoijua tangu siku za darsa. Imo katika Musannaf ya Ibn Abi Shayba. Ardhi ilitikisika Madina katika ukhalifa wa Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, na aliyetuletea habari hiyo ni mwanamke, Safiyya binti Abi Ubayd, mke wa Abdullah bin Umar. Anaeleza kwamba vitanda viligongana. Anaeleza kwamba mumewe wakati huo alikuwa katika swala, naye hakuitambua zilizala, na kwamba hakumpata mtu yeyote aliyekuwa akisali akaitambua. Kisha anasimulia maneno ya Umar kwa watu, na afikapo kwenye sehemu ambayo hana yakini kamili ya tamko lake, anaonyesha kwamba hapo anasema kwa kadiri ya ajuavyo.

Wasomaji wapendwa, pimeni ushahidi huo kwa kipimo cha leo. Umetaja kilichosogea. Umetaja kila mtu alikuwa akifanya nini, na kwamba aliyekuwa katika harakati za swala hakuhisi ilhali wengine walihisi, jambo ambalo fomu za wachunguzi huliuliza mpaka leo. Umetenganisha lililoonwa na lililosikiwa, na umeweka alama pale penye shaka. Mama huyu hakuongeza chumvi.

Najua lipo neno ambalo wenye zile sauti za simu hulishika katika riwaya hiyohiyo, kwamba Umar aliwaambia watu wamezusha mambo, na kwamba ikirudi atatoka miongoni mwao. Ni kweli alisema kwa maana hiyo, nami siifichi. Lakini tazameni aliwaambia nani. Aliwaambia watu wote wa mji kwa ujumla, waziwazi, akiwa kiongozi mwenye dhamana juu yao. Hakumtaja mtu. Hakwenda mlangoni kwa mjane wala hakumwita binti wa mtu. Wito wa toba kwa jamii nzima, wa kwanza wao akiwa mwenye kuita, ni jambo moja. Kumnyoshea kidole mtoto wa miaka 15 ni jambo jingine, nalo ni kudai elimu ya ghaibu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim na jua likapatwa siku hiyohiyo, watu walisema jua limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Kauli ile ilikuwa ya kumtukuza, lakini aliikataa mbele ya watu, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Allah na havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Ikiwa hakuiacha ishara ifungwe kwa jina la mwanawe mwenyewe, basi sisi tunaifungaje kwa jina la jirani?

Ama ile sauti ya kwanza, inayotaja saa ya zilizala ijayo, jawabu lake ni jepesi. Hakuna mtaalamu yeyote duniani, Japani wala Marekani, awezaye kutaja siku na saa ya zilizala. Wanachoweza ni kukadiria uwezekano kwa miaka mingi ijayo, na kueleza kwamba baada ya zilizala kubwa hufuata ndogondogo zinazopungua kadiri siku zinavyokwenda. Atajaye saa amezua. Na mwenye kuisambaza kabla ya kuihakikisha anaijua aya ya sita ya Surat al-Hujurat, aliyoihifadhi utotoni.

Maulamaa wetu hawakuona kwamba kuziandika zilizala kwa tarehe na mahali ni kazi iliyo nje ya dini. Imam Jalaluddin al-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria sawa na 1505, aliandika kitabu kizima, Kashf al-Salsala, ambamo amezipanga zilizala mwaka baada ya mwaka mpaka zama zake. Alikuwa na mjadala na wanafalsafa juu ya sababu zake, lakini mjadala huo haukumzuia kurekodi. Karne tano baadaye mhandisi wa London aliyezaliwa Ugiriki, Nicholas Ambraseys, pamoja na wenzake, walipokuwa wakiandika historia ya zilizala za Misri, Bara Arabu na Bahari ya Shamu, kitabu kilichotoka mwaka 1994, walirudi kwa waandishi wa Kiarabu, kwa sababu hakuna chombo kilichokuwako zama hizo ila kalamu zao.

Ambraseys huyohuyo alifika mpaka kwetu, kwa maandishi. Mwaka 1991 alichapisha utafiti juu ya zilizala ya Subukia ya Januari 6, 1928, kubwa kuliko zote zilizorekodiwa Kenya, yenye kipimo cha 6.9, iliyopasua ardhi kwa urefu wa kilomita 38 katika Bonde la Ufa. Aliikusanya habari yake zaidi ya miaka 60 baada ya tukio, kutokana na yale ambayo walioishuhudia waliyaandika. Laiti wasingeandika, tungebaki na mistari michache ya vyombo vya mbali.

Huenda mtu akasema Subukia ni bara, na sisi wa pwani tuko salama. Tuko mahali penye utulivu kuliko wao, hilo ni kweli, wala sitaki mtu alale na hofu. Lakini Bonde la Ufa ni mpaka ambapo bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, na bamba la Somalia, lililotubeba sisi, yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Mpasuko huo una matawi, na tawi moja limo baharini, mbele ya Tanzania na Msumbiji, pande za mwinuko wa chini ya bahari uitwao Davie. Zilizala ya Agosti 2020 ilitoka upande huo wa bahari. Na mwaka mmoja kabla yake, jioni ya Machi 24, 2019, ardhi ilitikisika Taita Taveta kwa kipimo cha karibu 4.8, ikahisiwa Mombasa na Nairobi. Zilizala ndogo mahali penye utulivu ni kama taa iliyowashwa mara moja katika chumba cha giza: kwa nukta moja mchunguzi anauona ufa ambao hakuujua, kisha taa inazimika, na huenda isiwashwe tena kwa miaka 30. Ndiyo sababu kila shahidi ana thamani. Katika nchi ya zilizala za kila wiki, ushahidi uliopotea leo utapatikana kesho. Kwetu sisi haupatikani.

Basi itokeapo tena, jambo la kwanza ni roho za watu. Mtikisiko ukiendelea msikimbilie ngazi wala lifti. Wengi huumia hapo. Waiteni watoto mbali na madirisha na makabati marefu, waingie chini ya meza imara au wainame kando ya ukuta wa ndani wakifunika vichwa. Aliye katika swala na akahofia nafsi yake au ya mtoto, sheria imemruhusu kuikata, kisha atasali baadaye. Mtikisiko ukitulia, tazameni mtungi wa gesi na jiko kabla ya jambo jingine. Walio ufuoni wakihisi mtikisiko mkali wa muda mrefu, au wakaona maji yanakupwa ghafula kinyume cha kawaida yake, wapande mahali pa juu bila kusubiri tangazo. Desemba 26, 2004 hapa hatukuhisi mtikisiko wowote, kwa kuwa ulitokea Sumatra, ng'ambo ya Bahari Hindi, na bado bahari ilichafuka saa kadhaa baadaye na mtu mmoja akafa maji upande wa Malindi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, zilizala haina swala ya jamaa kama kupatwa kwa jua; mtu husali peke yake nyumbani, akaomba na kunyenyekea kwa Mola wake.

Kisha, kabla ya kufungua simu kusikiliza wengine wamesema nini, chukua kalamu. Ukisikiliza kwanza, ushahidi wako utachanganyika na wao, na utajikuta unakumbuka ngurumo ambayo hukuisikia. Andika saa na dakika, mtaa, gorofa ya ngapi, ulikuwa umesimama au umeketi au umelala, nini kilisogea na nini hakikusogea, ulidumu kwa kadiri gani. Vikombe viligongana au vilianguka? Kuna tofauti ya daraja baina ya hayo mawili. Andika pia kama hukuhisi kitu, maana jawabu la "sikuhisi" ndilo linalomwonyesha mchunguzi mwisho wa eneo. Waulize wazee na watoto mmojammoja, si kwa pamoja, kila mtu aseme lake. Idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, ina fomu katika tovuti yake inayopokea ushahidi kutoka nchi yoyote, na kituo cha Ulaya cha EMSC kina yake pia. Kituo hicho kimegundua kwamba watu waliotikiswa huikimbilia tovuti yake kwa wingi mpaka wingi huo wenyewe hukiarifu kwamba pametokea jambo, kabla hesabu za vyombo hazijakamilika.

Asubuhi yake izungukeni nyumba. Nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti zina nyufa za miaka mingi, na ni rahisi kuusingizia mtikisiko ufa uliokuwapo tangu zama za babu. Kila ufa mpigie mstari wa penseli pale unapokomea, kila ncha, na uandike tarehe kando yake. Utazame baada ya mwezi, kisha baada ya masika. Ikiwa umevuka mstari, aitwe mhandisi, na fundi aliyekwisha kuleta kokoto za kupandisha gorofa nyingine asubiri.